Wakili wetu amefutwa New York, lakini anasema leseni yake ya Pennsylvania inatosha. Je, ni kweli?

Mama Furaha (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Nimekuja kuomba ushauri juu ya jambo lililoninyima usingizi kwa siku sita sasa, na ninamwomba atakayejibu aniambie lile analolijua kwa hakika, kwa sababu mbele yetu kuna tarehe ya mahakama.

Ninaishi Columbus, Ohio. Mdogo wangu wa kiume alifika hapa kutoka Uvira, na ombi lake la hifadhi ya ukimbizi liko katika mahakama ya uhamiaji ya Cleveland. Mwaka jana tulimpata wakili mwenye ofisi hapa mjini. Tulimwendea kwa sababu alikuwa amewashughulikia watu wawili wa kanisani kwetu, na kesi zao zilikwenda vizuri. Tulipatana dola 4,500. Nimelipa kidogo kidogo mpaka zimefika 3,200, na risiti zote ninazo. Leseni ya Ohio hana, na hilo hakulificha: alituambia tangu mwanzo kwamba leseni zake ni za New York na Pennsylvania, na kwamba kwa kesi za uhamiaji hilo si kizuizi.

Wiki iliyopita nilipopeleka malipo nilikaa kwenye kiti kile kile ninachokaa siku zote, nikaona kwamba vyeti viwili vilivyokuwa ukutani nyuma yake kimebaki kimoja. Mahali pa kile kingine palikuwa na msumari na mraba wa rangi iliyokolea kuliko ukuta mwingine. Sikuuliza. Usiku binti yangu aliandika jina lake kwenye tovuti ya mahakama za New York, tukasoma kwamba amefutwa katika orodha ya mawakili wa jimbo hilo, na kwamba amri ilitolewa miezi miwili iliyopita.

Nilipompigia simu hakukana. Alisema: "Mama, kila jimbo lina mawakili wake. Ya New York yameishia New York. Leseni yangu ya Pennsylvania iko hai, na kesi ya kijana naendelea nayo."

Je, ni kweli kwamba wakili aliyefutwa jimbo moja anaweza kuendelea na uwakili kwa leseni ya jimbo jingine? Na kama si kweli, tufanye nini na zimebaki wiki tano?

Mzee wa Kiluvya

Mama Furaha, pole sana. Mimi niko nyumbani Tanzania na si mwanasheria, lakini naona maneno ya huyo wakili yana mantiki. Hata hapa kwetu wakili wa Tanzania Bara si wakili wa Zanzibar mpaka akubaliwe kule, maana kila upande una mahakama yake kuu na orodha yake ya mawakili. Ikiwa majimbo ya Marekani nayo kila moja lina mahakama zake, adhabu ya New York itavukaje mpaka wa Pennsylvania? Naomba wanaojua zaidi wanisahihishe.

Bi Rukia wa Lowell

Mama Furaha, pole kwa mtihani huu. Nimefanya kazi ya usaidizi katika ofisi ya mawakili wa uhamiaji hapa Massachusetts kwa miaka kumi na mmoja. Mimi si wakili, na nisemayo hayachukui nafasi ya wakili atakayelisoma jalada la mdogo wako, ila swali hili nimelishika mikononi zaidi ya mara moja, kwa hiyo niruhusu niandike kwa urefu.

Mzee wetu wa Kiluvya amegusa nusu ya ukweli. Hapa hakuna leseni moja ya uwakili ya nchi nzima. Kila jimbo humpokea wakili na kila jimbo humwadhibu, na mwenye kauli ya mwisho kwa kawaida ni mahakama ya juu ya jimbo hilo. Kwa hiyo amri ya New York haiifuti leseni ya Pennsylvania siku ile ile inapotiwa saini, na inawezekana kabisa kwamba leo ukilitafuta jina lake kwenye tovuti ya bodi ya nidhamu ya Pennsylvania utaona bado limeandikwa kuwa hai. Hapo ndipo anaposimama anapokuambia kwamba leseni yake iko hai.

Nusu ya pili hakukuambia. Wakili mwenye leseni katika majimbo mawili akiadhibiwa katika moja ana wajibu wa kuliarifu la pili yeye mwenyewe. Akinyamaza, habari hufika kwa njia nyingine, maana chama cha mawakili wa Marekani kina hifadhi ya kumbukumbu za adhabu iliyoanzishwa mwaka 1968 ili mtu asiweze kuhama na siri yake kutoka jimbo hadi jimbo. Jimbo la pili likishapata nakala ya amri halianzi kesi upya, wala haliwaiti tena mashahidi. Humwandikia wakili kumtaka aeleze kwa nini asipewe adhabu ile ile, na mzigo wa kueleza ni wake. Sababu zinazokubalika ni chache, na asili yake ni uamuzi wa mwaka 1917 wa Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Selling dhidi ya Radford, lililomhusu wakili aliyefutwa Michigan: kwamba hakupewa taarifa wala nafasi ya kusikilizwa; kwamba ushahidi ulikuwa dhaifu mno; au kwamba kuna sababu nyingine nzito itakayoifanya adhabu hiyo kuwa dhuluma. Kanuni za siku hizi huongeza kwamba jimbo la pili linaweza kuona kosa lenyewe linastahili adhabu tofauti kabisa.

Mfano wa karibuni unajulikana na kila mtu. Rudy Giuliani, aliyewahi kuwa meya wa jiji la New York, alifutwa uwakili katika jimbo la New York tarehe 2 Julai 2024. Alikuwa pia na leseni ya Washington, D.C., na mahakama ya huko ikamtaka aeleze kwa nini asifutwe nako. Hakujibu. Tarehe 26 Septemba mwaka huo huo akafutwa. Hazikupita hata siku tisini.

Sasa nije kwenye kesi ya mdogo wako, kwa sababu hapo jibu ni zito zaidi na halitegemei Pennsylvania itaamua nini. Uhamiaji ni jambo la serikali ya shirikisho. Ndiyo maana wakili mwenye leseni ya jimbo lolote anaweza kufungua ofisi Ohio na kusimama mahakamani Cleveland. Hapo alikuambia kweli. Lakini kanuni hiyo hiyo inayompa ruhusa inamtaja wakili kuwa mtu mwenye hadhi kamili katika jimbo lolote, na papo hapo inaongeza kwamba asiwe chini ya amri yoyote inayomsimamisha, inayomzuia au inayomfuta katika kazi ya uwakili. Imesema amri yoyote. Leseni moja ikiwa hai na nyingine imefutwa, sharti la kwanza anaweza kulitimiza, la pili hawezi. Zaidi ya hayo anatakiwa kuiarifu mamlaka ya nidhamu ya mahakama za uhamiaji ndani ya siku 30 tangu amri itolewe, na mamlaka hiyo ina uwezo wa kuomba asimamishwe mara moja.

Tafuta nyumbani nakala ya fomu EOIR-28, ile ambayo wakili hujitambulisha kwayo mbele ya jaji wa uhamiaji. Kwa maombi yaliyoko ofisi ya uhamiaji fomu yake ni G-28. Utaona pale anapoandika majimbo yake na namba za leseni, na pale anapotamka, kabla ya kutia saini, kama yuko au hayuko chini ya amri ya namna hiyo. Tamko lile lilikuwa kweli siku alipolitia saini mwaka jana. Leo si kweli tena, na wajibu wa kulirekebisha ni wake, si wako wala wa mdogo wako.

Juma M., Dallas

Bi Rukia ameeleza vizuri sana, lakini naomba tusimhukumu mtu tusiyejua kilichompata. Watu hufutwa kwa makosa mazito na hufutwa pia kwa mambo yanayobishaniwa, na sheria yenyewe imekataa kwamba adhabu ihame bila kutazamwa. Mwaka 1957, katika shauri la Theard, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mahakama ya shirikisho haikupaswa kumfuta wakili wa Louisiana kwa sababu tu jimbo lake lilimfuta. Yule bwana alikuwa ameghushi hati ya deni mwaka 1935 wakati akiwa na ugonjwa wa akili, na jimbo likamfuta miaka mingi baadaye. Huenda wakili wa Mama Furaha naye ana hoja ambayo Pennsylvania itaisikiliza.

Bi Rukia wa Lowell

Kaka Juma, umesema haki, na shauri hilo ni la kweli. Mahakama ilisema uamuzi wa jimbo unastahili heshima kubwa lakini haufungi macho ya mahakama nyingine. Nafasi hiyo ni ya wakili, naye anayo haki ya kuitumia. Ninachokipinga ni yeye kuitumia huku akiwa amembeba mtu mwingine mgongoni. Pennsylvania ikimpa nafuu baada ya miezi minane, mdogo wake Mama Furaha atakuwa ameshasimama mbele ya jaji, na jaji hatangoja miezi minane.

Mzee wa Kiluvya

Nashukuru kwa kusahihishwa. Mfano wangu ulikuwa na kasoro.

Espérance, Portland

Na mimi niongeze kwa sababu jambo hili liliwahi kuamuliwa hapa hapa Maine ninapoishi, na wengi waliolifuatilia walijifunza mengi. Mama Furaha ameuliza juu ya wakili mwenye leseni ya pili tayari. Kuna pia yule anayefutwa halafu anakwenda jimbo la tatu kuomba upya, kana kwamba ndiyo kwanza ametoka chuoni.

F. Lee Bailey alikuwa miongoni mwa mawakili mashuhuri kabisa wa Marekani; alikuwamo katika timu iliyomtetea O. J. Simpson mwaka 1995. Ugomvi uliomwangusha ulihusu hisa za mteja wake mmoja, mfanyabiashara wa dawa za kulevya, ambazo serikali ilisema ni mali ya serikali na Bailey akasema ni malipo yake. Alikataa kuzitoa, akakaa jela siku 44 mwaka 1996 kwa kudharau amri ya mahakama. Florida ilimfuta mwaka 2001, na Massachusetts ikafuata mwaka 2003 kwa njia ile ile aliyoieleza Bi Rukia. Baadaye akahamia Maine, akafanya mtihani wa uwakili akiwa karibu na umri wa miaka themanini, na akaufaulu.

Kufaulu mtihani hakukumsaidia. Bodi ya mitihani ya uwakili ilimkatalia mwaka 2012 kwa sababu ya tabia na uaminifu. Mwaka 2013 jaji mmoja aliona anaweza kupokelewa, lakini mwaka 2014 mahakama ya juu ya Maine ikatengua, ikisema hakuwa ameonyesha kwamba anatambua uzito wa alichokifanya. Alifariki mwaka 2021 bila kurudi kwenye uwakili.

Nimeandika haya kwa sababu watu wetu wengi hudhani swali ni "je, ana cheti?" Jimbo jipya huuliza pia ulifutwa wapi, kwa nini, na tangu siku ile umeishi vipi. Kuomba kurudi kunategemea jimbo lililokufuta: New York huruhusu kuomba baada ya miaka saba, na Ohio, jimbo analoishi Mama Furaha, humfuta mtu moja kwa moja bila njia ya kurudi.

Baba Neema, Louisville

Samahani kwa kuingilia. Sina elimu ya sheria lakini nina la kusimulia. Shemeji yangu alikuwa na wakili ambaye alisimamishwa, jina silitaji, na badala ya kumwambia, wakili akaendelea kupokea pesa na kumtumia kijana wa ofisini kuandaa karatasi. Siku ya kesi alimwambia shemeji asiende, kwamba imeahirishwa. Haikuwa imeahirishwa. Jaji alitoa amri ya kuondolewa nchini bila yeye kuwepo, na tulikuja kuijua amri hiyo kwa barua iliyofika baada ya siku kumi na mbili. Mama Furaha, tafadhali, hata huyo wakili akikuapia, mdogo wako aende mahakamani siku hiyo kwa miguu yake.

Mama Furaha (mwanzisha uzi)

Nawashukuru wote, na Baba Neema, pole sana kwa shemeji. Nimeitafuta EOIR-28 na nimeiona: majimbo mawili yameandikwa, na tamko limetiwa saini kwa wino wa buluu. Nimesoma mara tatu.

Nina maswali mengine. Kwanza, zile dola 1,300 zilizobaki ananidai, na anasema nisipolipa hatatoa jalada. Pili, je, nimwandikie jaji mimi mwenyewe? Tatu, mtu mmoja hapa mtaani amesema ananijazia fomu zote kwa dola 600 na kwamba wakili wa nini. Nne, wakili wetu ametupa pendekezo: rafiki yake mwenye leseni safi atie saini, na yeye aendelee kuiandaa kesi nyuma yake, kwa sababu anaijua. Hili la nne limenichanganya, maana ni kweli anaijua.

Bi Rukia wa Lowell

Nianze na la nne kwa sababu ndilo lenye hatari iliyojificha. Majimbo hayafanani: yapo yanayomruhusu aliyefutwa kufanya kazi ndogo za ofisini chini ya wakili, na yapo yanayokataa kabisa. California, kwa mfano, humtaka wakili anayemwajiri mtu wa namna hiyo aiarifu mamlaka ya mawakili na pia amwarifu mteja kwa maandishi, na hata hapo mtu huyo hawezi kumshauri mteja. Unaloelezwa wewe ni kuiandaa kesi ya hifadhi yote huku jina la mwingine likiwa mbele. Kuandaa kesi ni kuchagua ushahidi, kuandika tamko la mdogo wako, kuamua lipi lisemwe na lipi liachwe. Huo ndio uwakili wenyewe. Kama rafiki yake ni wakili mzuri, basi akutane na mdogo wako uso kwa uso, asome jalada mwenyewe, aingie mkataba na ninyi kwa jina lake na apokee malipo yeye. Akikataa sharti hilo, achaneni naye.

Jalada ni la mdogo wako. Mwandikieni barua fupi yenye tarehe, mdogo wako aitie saini kwa kuwa yeye ndiye mteja, mkimwomba jalada lote pamoja na hati za asili na hesabu ya kazi iliyofanyika dhidi ya fedha zilizopokelewa. Itumeni kwa posta ya kusainiwa na kwa barua pepe pia. Fedha ambazo hazijafanyiwa kazi zinapaswa kurudishwa. Usilipe 1,300 kwa mtu asiyeruhusiwa tena kuifanya kazi hiyo kabla wakili mwingine hajautazama mkataba wenu. Na ikiwa baadaye itaonekana fedha zimeliwa, kila jimbo lina mfuko wa kuwafidia wateja walioibiwa na mawakili wao. Wa New York unaweza kulipa hadi dola 400,000 kwa mteja mmoja. Mifuko hiyo hulipa wizi. Kazi iliyofanywa vibaya hailipi, kwa hiyo usiitegemee kwa lingine.

Huyo wa dola 600 mwepukeni. Nje ya mawakili, wanaoruhusiwa kuwawakilisha watu ni hasa wale waliothibitishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani wakiwa ndani ya mashirika yasiyo ya faida yanayotambuliwa nayo, na orodha yao iko wazi kwa umma. Mahakama za uhamiaji pia zina orodha ya watoa msaada wa sheria wa bure au wa gharama ndogo kwa kila eneo. Anza kupiga simu kesho asubuhi, kwa sababu mashirika hayo yana foleni ndefu na wiki tano ni chache.

Kuhusu jaji: mkipata wakili mpya mapema, yeye ndiye atakayewasilisha fomu yake na kuomba muda zaidi kwa kueleza kilichotokea. Msipompata, mdogo wako aende siku hiyo, na barua mliyomwandikia wakili na karatasi ya New York mkononi, amwambie jaji kwa kinywa chake kwamba wakili wake amefutwa, kwamba alijua lini, na kwamba anaomba muda wa kutafuta mwingine. Majaji wanalijua jambo hili. Wasilolipokea ni kiti kitupu.

Na hili la mwisho liwekeni akilini hata kama hamtalihitaji. Ikiwa huko nyuma huyu wakili alikosa kuwasilisha kitu na kesi ikaharibika kwa sababu hiyo, kuna njia iliyowekwa na uamuzi wa mwaka 1988 uitwao Lozada: mteja huandika kiapo akieleza walivyopatana na wakili na kilichotokea, humpa wakili nafasi ya kujibu, na hupeleka malalamiko kwenye mamlaka ya nidhamu au hueleza kwa nini hakupeleka. Kwa kawaida ombi la kufungua kesi upya lina siku 90 tu tangu uamuzi wa mwisho. Ndiyo maana risiti na barua zako zote zikae kwenye bahasha moja.

Juma M., Dallas

Nakubaliana na yote hayo. Mama Furaha, tazameni pia kama ombi lenyewe la hifadhi liliwasilishwa ndani ya mwaka mmoja tangu mdogo wako aingie nchini. Msichukue neno la mtu. Tafuteni karatasi yenye mhuri wa mapokezi.

Mama Furaha (mwanzisha uzi), siku kumi na moja baadaye

Ninarudi kutoa taarifa kama nilivyoahidi kwa baadhi yenu kwenye ujumbe wa ndani. Jina lake Pennsylvania bado lilikuwa hai nilipolitazama mara ya kwanza. Juzi nimetazama tena na limeandikwa kuwa amesimamishwa. Jalada limefika kwa posta baada ya barua ya pili. Lina kurasa 212, na ombi la hifadhi lina mhuri wa mapokezi wa mwezi wa saba tangu mdogo wangu aingie, kwa hiyo kaka Juma, hilo liko salama. Shirika moja limempokea mdogo wangu, na wakili wao aliongea naye kwa saa mbili na nusu kupitia mkalimani kabla ya kukubali. Ameshawasilisha EOIR-28 yake na ombi la kuahirisha.

Kinachokosekana ndani ya jalada ni cheti cha kuzaliwa cha asili, kile kilichotoka Uvira kwa mkono wa shangazi yetu. Kuna nakala tu. Barua ya tatu nimeituma leo asubuhi.